Anayeanzia Kisogoni

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Mimi mzima, na nikisema mzima nina maana ya mzima kabisa, meno yangu yote yapo isipokuwa yale yaliyoondoka. Wifi yako magoti yanamsumbua lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, anakusalimu sana. Binti yako amejifungua? Uliandika kwamba yuko karibu, halafu ukakata hapo hapo kama redio iliyoishiwa betri.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Yule mwandishi wa barua pale posta nimeachana naye. Mimi nasema hivi, yeye anaandika vile, eti anaweka heshima. Mimi heshima nikitaka kuiweka naiweka mwenyewe. Nimeishia darasa la tatu, lakini mwalimu wetu alikuwa mkali, darasa la tatu letu lilikuwa kama chuo chenu cha leo.

Sasa sikiliza. Vita vimekwisha, hilo unalijua, na Mkubwa ameshinda, kama nilivyowaambia watu wote hapa kinyozini tangu siku ya kwanza. Radi, yule kiongozi wa waasi, wamemkuta amelala kwenye ghala juu ya magunia. Mtu aliyetulaza chini ya vitanda wakati wote ule, amekamatwa akikoroma. Na wamemleta wapi? Hapa kwetu, gereza letu hili la nyuma ya soko.

Basi bwana jela akaja dukani kwangu mwenyewe, kofia mkononi. Akasema Radi haruhusiwi kushika wembe, na wafungwa hawaruhusiwi kumgusa, kwa hiyo wanatafuta kinyozi wa nje asiyeweza kula naye njama. Wameuliza mtaa mzima ni nani anayemchukia Radi kupita wote. Nyumba zote zikanitaja mimi. Fundi viatu jirani yangu alitajwa wa pili na amenuna mpaka leo.

Kwa hiyo kila Jumamosi namnyoa. Chumba kina dirisha moja la juu, kiti cha plastiki, ndoo, na askari kwenye benchi anayejifanya hasinzii. Radi mwenyewe ni mtu mdogo tu, ana mabega ya karani. Sheria ni kwamba nisiongee naye. Nilimwambia bwana jela sheria hiyo aiondoe, haina kazi, kwa sababu mimi nimeapa mbele ya picha ya Mkubwa iliyoko ukutani kwangu kwamba yule mtu hatasikia neno kutoka kinywani mwangu mpaka mmoja wetu afe.

Habari za yule mwingine sina.

Ni mimi kaka yako, kinyozi wa serikali sasa.


Tarehe 21 Februari

Shikamoo kaka,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa mistari inapanda mlima na kushuka. Binti yangu amejifungua mtoto wa kike, mkubwa, mwenye sauti. Tunasema amekufuata wewe. Mpe pole wifi, mwambie ajifunge kitambaa cha moto magotini na asikusikilize ukimwambia atembee.

Mimi bado niko kwenye chumba cha kufulia cha jumba la Mkubwa. Pasi zetu za mkaa zimeondolewa, tumeletewa za umeme, na umeme unakuja ukipenda. Kazi imekuwa nyepesi kuliko zamani. Wakati wa vita nilikuwa napiga pasi mashati ya Mkubwa mpaka mkono unakufa ganzi, asubuhi shati, mchana shati, jioni suti. Sasa suti siioni. Yanashuka mashuka tu, na nguo za kulalia. Watu wa jikoni wananiambia chakula kinarudi kama kilivyopanda. Sijaambiwa kitu na sijauliza kitu, nakueleza ninachokiona kwenye kapu la nguo.

Sasa kaka, ulipoandika «yule mwingine» niliikunja barua nikaiweka, kisha nikaifungua tena. Yule mwingine ni mwanangu. Ni mpwa wako. Ulimpa jina la Mapengo wewe mwenyewe alipong'oka meno ya mbele, ukamfundisha kazi yako, akala kwako na kulala kwako mpaka siku aliyoondoka kwenda kwa Radi. Najua ulimwambia nini siku hiyo. Mtaa mzima ulisikia.

Vita vimekwisha na hakuna aliyeniambia kama yuko hai au amezikwa wapi. Nimekwenda ofisini kwao hapa mjini, wananiambia ni wengi, mama, ni wengi. Na wewe kila Jumamosi unashika kichwa cha mtu anayejua. Sikuombi umpende. Nakuomba umwulize swali moja tu: yule kijana mwenye mapengo yuko wapi?

Mdogo wako.


Tarehe 30 Machi

Dada yangu,

Nilichelewa kujibu kwa sababu kazi ni nyingi. Tangu watu wajue nani namnyoa, duka halipitiki. Wanakaa foleni hata wenye vipara. Wananiuliza yukoje, yukoje, mimi nanyamaza na kunoa wembe, nao wanazidi kuja. Kumbe kunyamaza ni biashara, ningejua ningeanza mapema.

Mtoto mpya mpe busu la babu yake. Kama ana sauti basi ni wa ukoo.

Ya Mkubwa umeyaelewa vibaya. Mtu aliyeshinda vita anapumzika. Suti ni za kuhangaika, mashuka ni ya kupumzika. Mimi nikishinda vita siamki wiki nzima. Usiwe unasema mambo ya kapu la nguo mbele ya watu, mtu mbaya akisikia atayageuza.

Radi nywele zake zinaota haraka, ndevu pia, ngozi ya shingo ni ngumu kama ya kiatu. Nimeshanyoa vichwa vigumu kuliko hicho. Juzi wembe mpya wa bwana jela ulikataa, nikatumia wangu wa zamani, ukapita kama kijiko kwenye mafuta. Askari alishangaa akaomba na yeye anyolewe, nikamnyoa.

Fundi viatu ameanza kunisalimia.

Hilo lako la kuuliza haliwezekani. Nimeapa. Mtu mzima akiapa hakuna tena cha majadiliano. Na sheria ipo, askari yupo. Wifi yako aliisoma barua yako akanirudishia bila kusema kitu, na sasa anapika, anapakua, anakula, haniambii hata chumvi iko wapi. Nyumba imekuwa kama lile gereza, tena kule angalau askari anapiga miayo.

Kaka yako.


Tarehe 12 Aprili

Kaka,

Sisi wazima.

Hiyo ndiyo salamu, nyingine sina. Kiapo chako nimekisikia. Nilikuwa sijui kwamba kiapo kinaweza kuwa kikubwa kuliko mtoto.

Unapenda habari za Mkubwa, ngoja nikupe, na ukishasoma choma karatasi hii kwa sababu nikijulikana nitafukuzwa. Alianguka mara tu baada ya sherehe ya ushindi. Upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Wale mawaziri waliokuwa wakijaa sebuleni mpaka tunakosa pa kupitisha makapu, hawaji. Wanakutana nyumba nyingine, wanaamua, wanamletea mtu wa kumshikia kalamu. Kinyozi wake pia hayupo, ameondolewa, ndevu za Mkubwa zimekuwa nyeupe mpaka kifuani.

Siku hizi mimi ndiye ninayepandisha mashuka mwenyewe, na kila nikiingia ananiuliza: «Wamefika wapi?» Mwanzoni sikuelewa. Anawaulizia watu wa Radi. Kwake vita bado viko barabarani vinakuja. Mara ya kwanza nilimwambia vimekwisha, baba, umeshinda, na akalia kwa hofu, alidhani namdanganya ili aachwe peke yake. Sasa namwambia bado wako mbali. Hapo analala.

Huyo ndiye aliyeko ukutani kwako.

Na jambo la mwisho. Wageni wawili walizungumza koridoni nikiwa na kapu. Wale wanaotawala sasa hawataki kesi ya Radi, kesi ina maneno mengi na wengine majina yao yatatokea. Wamekubaliana na nchi ya mbali impokee akae huko asiseme. Atapandishwa ndege mwezi ujao. Akiondoka, kaka, kuna mtu mwingine unayemjua ambaye ninaweza kumwuliza?


Tarehe 2 Mei

Dada yangu,

Nakusalimu, wifi yako anakusalimu kwa mdomo wake, maana ameanza tena kusema, na sababu utaiona.

Kabla ya yote, kuna kitu. Sisi katika ukoo wetu tunanyoa tukianzia kisogoni, tunapanda juu, tunaishia kwenye paji la uso. Vinyozi wengine wote duniani wanaanzia mbele kama watu wanaofyeka nyasi. Marehemu baba alituachia hivyo, nami nimemfundisha mtu mmoja tu. Na kwa mtindo wetu mteja lazima ainame kwanza, kisha akunje sikio lake mwenyewe kwa kidole ili wembe upite nyuma. Mteja mgeni hajui. Inabidi nimwambie inama, kunja sikio, siyo hivyo, hivi.

Siku ya kwanza kabisa niliyoingia gerezani, kabla sijasema wala kufanya chochote, Radi aliinama. Kisha akakunja sikio.

Nilijua tangu siku hiyo. Nilisuuza wembe mara tatu, nikajifanya una uchafu. Usiniulize kwa nini sikukuandikia. Kukunja sikio siyo barua kwamba mtu yuko hai, ni kwamba alikuwa hai siku fulani, na mimi sikutaka kukupa nusu. Imetosha.

Jumamosi iliyopita nikampaka sabuni kichwa kizima, nikashika wembe, nikasimama. Nikamwambia askari, siyo yeye, askari: «Bwana mdogo, mwulize mteja wako ni nani aliyemfundisha kukunja sikio.»

Askari akasema, «Mzee, hamruhusiwi kuongea.»

Nikasema, «Kwani naongea naye? Naongea na wewe.»

Askari akafikiri, akaona ni kweli. Akamwuliza. Radi naye, kichwa kimeinama, akamjibu askari: «Mwambie mzee wako kwamba nimekuwa nikimsubiri aulize tangu siku ya kwanza. Nilijua mkono nilipousikia shingoni. Lakini kwanza anipe habari ya Mkubwa. Humu wananiambia anakimbia mazoezi kila asubuhi.»

Nikaufuta wembe kwenye taulo. Askari akaniangalia. Dada, nilifikiria kazi yako, nikafikiria na ile picha. Mwisho nikasema, «Mwambie mashati ya Mkubwa hayapigwi pasi tena. Yanafuliwa mashuka tu.»

Askari hakuelewa, akarudia kama kasuku. Radi alielewa. Nilidhani atacheka, na angecheka ningemkata, naapa. Hakucheka. Akasema, bado ameinama, «Maisha yangu yote nilitaka kulisikia hilo. Sasa nimelisikia nikiwa na sabuni kichwani.» Baadaye akauliza, «Nani anakaa naye?»

Nikamwambia askari, «Mwambie, ni dada yangu.»

«Basi afadhali,» akasema Radi.

Kisha akaeleza. Mapengo hakuwahi kupewa bunduki, alipewa kiti. Alikuwa kinyozi wao muda wote. Mwisho ulipokaribia, Radi aliwaambia watu wake wanyoe ndevu, wavae nguo za kawaida, wajichanganye na watu. Mapengo akawanyoa wote. Radi alikataa kunyolewa, alisema yeye uso wake unajulikana hata bila ndevu. Kijana akaondoka wa mwisho, akavuka mpaka. Yuko hai, dada. Yuko upande wa pili, kwenye mji wa mpakani, ananyoa madereva wa malori karibu na mizani. Radi anajua kwa sababu kabla hajakamatwa alipata salamu zake.

Nikasema, «Askari, mwulize kwa nini basi kijana hajarudi nyumbani, na msamaha umetangazwa kwa wote.»

Askari akauliza. Radi akasema, «Nami nilimwuliza hivyo hivyo. Aliniambia jeshi halimtishi, anamwogopa mjomba wake.»

Sitakuficha, nilisikia vizuri kidogo, kwamba mimi natisha kuliko jeshi. Kidogo tu. Kisha sikusikia vizuri tena.

Nikamalizia kichwa, na kilitoka safi, sijawahi kunyoa kichwa safi kama kile. Nilipomfuta sabuni neno likanitoka, nikamwambia asante. Askari akacheka, akasema mzee umeongea naye. Nikamwambia nilikuwa namshukuru yeye kwa kazi yake ya ukalimani.

Wifi yako nilipomwambia alikaa chini jikoni akajifunika uso na kanga, akaanza kusema yote aliyoyaweka tangu Machi.

Nenda kamwone mwanao. Mimi nina kazi, siwezi kufunga duka.

Kaka yako.


Tarehe 10 Juni

Shikamoo kaka,

Barua yako ilifika siku ambayo Mkubwa alifariki. Redio ilitangaza baadaye sana, lakini sisi tuliitwa asubuhi tukapewa suti moja tuinyooshe. Niliipiga pasi polepole. Walikuja wote, wale mawaziri, wamejaa sebule na barabara, na kila mmoja alikuwa rafiki yake wa karibu. Jana yake aliniuliza wamefika wapi, nikamwambia wamerudi nyuma, baba, wameshindwa. Alisema, «Yule mdogo hajaumia?» Nikasema hajaumia. Sijui alimaanisha Radi au alimaanisha nani.

Radi naye nasikia amepandishwa ndege wiki hiyo hiyo. Nchi nzima ilikuwa kwenye mazishi, hakuna aliyemwona akiondoka isipokuwa wachuuzi wa uwanja wa ndege.

Jumba limefungwa, tumepewa likizo isiyo na mwisho. Nikachukua basi mpaka mpakani.

Kaka, nimemwona. Nilikaa kwenye benchi la wateja nimejitanda, nikamtazama akinyoa. Ana mvi. Amekonda, lakini mikono ni ile ile. Anaanzia mbele sasa, alijifunza upya ili asijulikane. Zamu yangu ilipofika akasema, «Mama, sisi tunanyoa wanaume tu.» Nikasema, «Sikuja kunyolewa, Mapengo.» Wembe ukamdondoka, na dereva aliyekuwa anasubiri akasema labda atarudi kesho.

Tulikaa tukalia, kisha tukala, kisha tukacheka. Aliuliza kama mjomba bado anang'oa watu masikio. Nikamwambia rudi nyumbani. Akakataa. Anasema siku ile ulimwambia mbele ya wateja kwamba akikanyaga kizingiti chako utamkabidhi kwa askari kwa mkono wako mwenyewe, na kwamba mjomba wake hajawahi kusema kitu asichokifanya. Nilimwambia umebadilika. Akaniuliza, amesema hivyo yeye mwenyewe? Nikamwambia ukweli, kwamba hukusema.

Hataki pole yako, anajua huna. Anataka mwandiko wako tu, mstari mmoja. Usimtume mtu, usinipe mimi nimwambie kwa mdomo. Nitakaa naye hapa nikisubiri.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Juni

Dada yangu,

Salamu kwako, kwa mtoto mwenye sauti, kwa binti yako. Magoti ya wifi yako yamepona ghafla, amefua mapazia na kutandika kile chumba cha uani, sijamtuma.

Picha ya Mkubwa siitoi ukutani. Nimemfuta vumbi. Marehemu hafukuzwi. Radi siku ya mwisho aliniachia kitana chake, nimekiweka kwenye droo, siyo kwamba nakithamini, ni kitana kizuri tu.

Karatasi ya chini ni ya huyo mtu. Usiisome. Najua utaisoma.

Mapengo,

Nasikia unaanzia mbele. Aibu gani hiyo. Baba yangu angekuwa hai angekufa tena.

Siku ile ulipoondoka ulimwacha mwalimu mstaafu kwenye kiti, amenyolewa upande mmoja. Ulitupa taulo ukaenda. Mimi nilikuwa nafoka mlangoni, hakuna aliyemkumbuka, alikaa na sabuni mpaka ikakauka. Upande wa pili nilimalizia mimi. Tangu siku hiyo kila akija kunyolewa anawaambia wateja kwamba upande wako ulikuwa laini kuliko wangu. Nimemkatalia miaka yote hii. Nimemwonyesha kwenye kioo, hasikii. Mzee mkaidi sana yule, hana mfano.

Sasa anazeeka, hatadumu. Kiti chako nimekitoa kwenye stoo na kukitia mafuta, kinazunguka. Njoo umnyoe kichwa kizima, mbele yangu, kwa kuanzia kisogoni. Halafu tumwulize.

Mjomba wako